Dirisha la Upande wa Zuhura

Nilisikia mchi kabla sijaona kitu. Adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha, giza bado limekaa uani, nami nimesimama na kata ya maji mkononi, nikausikia ukishuka kwenye kinu upande wa pili wa ukuta. Ti, ti, ti. Mchi mwepesi, wa mtu anayetwanga kitu laini. Aliyezoea kazi hii hakosei. Ule ulikuwa mchele uliolowekwa usiku kucha. Zuhura, mke mwenzangu, alikuwa ameanza kupika mkate wa kumimina.

Wenzangu, mimi nimepona. Nalisema hili mwanzoni ili anayekohoa sasa hivi asikate tamaa. Lakini siwezi kusimulia ugonjwa wangu nikauacha wivu nje, maana viwili hivyo vilikaa jiko moja.

Kabla ya asubuhi ile nilikuwa mzima. Nilibeba ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni bila kuhema. Hapa Zinga, na mpaka Kaole, mtu akitaka mkate wa kumimina wa harusi alikuja kwangu. Mume wangu, Baba Rehema, alipooa mke wa pili alimjengea Zuhura ua wa jirani, ukuta kwa ukuta. Zamu zake zilikuwa sawa, siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Nikavumilia. Mume niligawana naye. Mkate sikuwa tayari kuugawa.

Jiko langu ni banda la udongo lenye bati juu na dirisha moja, na dirisha hilo linatazama ua wa Zuhura. Siku ile ile niliyousikia mchi nilichukua kiroba, nikakijaza makumbi ya nazi, nikakisokomeza dirishani, nikakandika udongo juu yake. Nikaziba kwa matambara hata upenyo ulio chini ya bati. Siri ya mkate wangu ilikuwa iliki, kiasi chake na wakati wa kuitia. Sikutaka Zuhura anuse.

Mkate wa kumimina huokwa kwa moto juu na moto chini. Makaa chini ya sufuria, vifuu vya nazi vinavyowaka juu ya mfuniko. Vifuu vinatoa moshi mzito, wa mafuta, unaoshika kooni. Nilifunga na mlango. Nikawa napika kwa kupapasa, machozi yananitoka, na moyoni nafurahi kwamba hakuna harufu inayotoka.

Kikohozi kilianza kidogo, cha asubuhi. Baadaye kikawa cha mchana kutwa. Nilitema makohozi ya kijivu, kisha meusi. Kifua kikawa kinalia ninapolala, mpaka Baba Rehema akawa anageukia ukutani. Nilikohoa hadi mkojo ukanitoka nikiwa nimesimama mbele ya wateja. Nguo zikanipwaya. Nilipimwa makohozi, nikaambiwa si kifua kikuu. Nikanywa kombe, maji ya aya za Kurani, nikapakwa mafuta ya nazi, nikajifukiza. Naam, nilikuwa mgonjwa wa moshi, nami nikajifunika shuka nikajifukiza moshi tena.

Moyoni nilishakata shauri. Zuhura ndiye aliyenitupia kitu. Mbona yeye alizidi kunenepa?

Ndipo wakaja watafiti. Walikuwa wachache, wakiongozwa na binti mmoja mwenye ushungi wa bluu, mpole wa maneno. Waliomba kuning'iniza kwenye majiko yetu kidude cheupe, kikubwa kama redio ndogo, kipime hewa kwa siku kadhaa.

"Shikamoo mama. Mbona dirisha limezibwa?"

"Marahaba mwanangu. Paka wanaingia," nikamjibu.

Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Waliporudi kutusomea matokeo, ofisi ya kata ilijaa. Binti akasimama, akaeleza kwamba moshi wa kuni na vifuu unaharibu mapafu polepole, na kwamba anayepika ndani pasipo na pa kutokea hewa anaumia kuliko wengine. Hakumaliza.

"Mwanangu," akasema Mzee Kibwana, muuza kahawa, "bibi yangu kapikia kuni maisha yake yote, na kafa kwa uzee. Huo moshi wenu ulikuwa wapi?"

"Wametumwa na wauza gesi hawa!" akapaza sauti mama mmoja nyuma.

"Moshi ukitoka, mbu wanaingia. Mtatuletea chandarua cha jikoni?"

"Kwani hicho kidude hakiwezi kupika wali kabisa, tukapumzika?"

Watu wakacheka, na binti naye akacheka kidogo, kisha akagawa karatasi zilizokunjwa. Majina hayakutajwa. Kila mmoja alipata ya jiko lake tu. Nami, Mungu anisamehe, niliisoma karatasi ya Zuhura begani kwake kabla sijaifungua yangu. Mstari wake ulikuwa wa kijani, mfupi, umelala chini. Yeye hupikia uani, chini ya kipaa kisicho na kuta. Nikafungua yangu. Mstari mwekundu ulipanda mpaka ukaishiwa karatasi.

Damu ilinichemka. Kumbe hata kwa moshi ananishinda!

Nikasimama. "Kidude chenu kimehongwa mkate!"

"Mkate wa nani, Mama Rehema?" akauliza Mzee Kibwana. "Wako au wa Zuhura?"

Walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Nilitoka huku nakohoa, na kicheko kikanifuata barabarani.

Siku hiyo nilikuwa na mikate ya harusi ya Kaole. Mwenye busara angepumzika. Mimi nilitaka kuonyesha kwamba karatasi yao ni uongo. Niliwasha moto mara mbili ya kawaida, nikapanga vifuu juu ya mifuniko yote, nikafunga mlango, nikatia komeo. Nakumbuka kichwa kikigonga. Nakumbuka miguu ikilegea kama ya mtu mwingine. Nilitaka kulifikia komeo, mkono ukakataa. Baada ya hapo sikumbuki.

Niliyoambiwa ni haya. Zuhura alikuwa uani kwake akichekecha unga. Mwenyewe alinisimulia baadaye, nikiwa kitandani hospitalini mjini Bagamoyo, mipira ya hewa puani.

"Dada, mimi nimekuzoea. Kila siku nakusikia ukikohoa. Uliponyamaza ndipo nikaogopa."

Alikiita kikohozi changu, hakikumjibu. Akachukua mchi wake, ule ule mchi, akalibomoa dirisha kutoka upande wake. Akaparamia, akaingia, akanivuta hadi mlangoni, akafungua komeo. Akanipakia kwenye bajaji, kichwa changu mapajani mwake. Nilimtapikia kanga.

Daktari alikuwa bwana mrefu asiyependa maneno mengi.

"Umevuta sigara miaka mingapi, mama?"

"Sijawahi hata kuishika."

"Unapikia wapi?"

Zuhura akajibu kwa niaba yangu. "Dirisha alilikandika udongo, daktari."

Daktari alivua miwani. "Mapafu yako yamechoka. Dawa nitakupa, utapata nafuu. Lakini ukirudi kupika humo ulimojifungia, usinitafute."

Nililazwa siku nyingi. Na hata pale, wenzangu, nikipumua kwa mpira, wivu haukunitoka. Nilimwona Zuhura akimmiminia Baba Rehema uji, nikahesabu vijiko vya sukari. Nilijua kwamba mikate ya Kaole kaipika yeye. Nikashindwa kujizuia.

"Walisemaje huko harusini?"

"Waliila wakaimaliza."

"Walisema ni mkate wa nani?"

"Niliwaambia wako. Nilipika kwa jina lako, dada. Bibi harusi alilalamika tu kwamba iliki haisikiki."

Nikainua kichwa. "Hukutia iliki?"

"Iliki? Toka utotoni inanichefua. Siwezi hata kuikaribia." Akanitazama sana. "Subiri. Dirisha uliliziba kwa ajili ya nini?"

Nikamwambia. Kwanza alijiziba mdomo kwa kanga. Kisha akacheka, akacheka hadi muuguzi akaja kumkanya, na mimi nikacheka, na kicheko kikawa kikohozi, na kikohozi kikawa kilio. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekaribia kufa nikimficha mtu kitu asichokitaka.

Kupona kulikuja polepole. Nilifundishwa kutumia kichupa cha dawa ya kuvuta mdomoni. Mwanzo sikuweza kutembea kutoka kitandani hadi chooni bila kushika ukuta. Leo natembea mpaka barabara kuu, nasimama mara moja tu. Makohozi yamekuwa meupe. Kifua bado kinalia siku za baridi, na daktari ameniambia hakitarudi kuwa kile cha zamani. Hilo nimelikubali.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, na daktari, na yule binti wa ushungi wa bluu niliyemtukana mbele za watu. Alipopita tena nilimwomba radhi, nikampa mkate. Nawe unayesoma, matokeo ya watafiti yakikuudhi, kaa nayo siku moja kabla hujayacheka. Jiulize kimekuudhi kipi, uongo wao au jirani yako. Fungua dirisha. Kikohozi cha majuma kadhaa kipeleke kwa daktari, usikipeleke kwa mke mwenzio.

Sisemi kwamba wivu umeniisha. Dirisha la jiko langu sasa liko wazi, halina hata pazia. Juzi, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa nakoroga tui na zamu yangu imekwisha, usiku ule ni wa Zuhura. Nikaona ua wote wa Zuhura, mkeka mpya umetandikwa, yeye amejifunga kanga nzuri, udi unafuka. Kitu kikanichoma hapa, chini ya titi. Nikavuta pumzi, ikaingia yote, ikafika chini kabisa.

Baba Rehema alisimama nyuma yangu, kofia mkononi. Aliniona ninapotazama.

"Nikuzibie dirisha, Mama Rehema?"

"Liache," nikasema. "Funga mlango tu ukitoka."

Akavaa kofia, akatoka, akaufunga.