Upepo Nilioupima kwa Vumbi

Wallahi naandika haya kwa aibu. Mjukuu wangu Hodan, hapa Garissa, alikuwa na mtihani: amwonyeshe mwalimu wake mchezo wa ndege kwenye kompyuta. Ndege zinajiendesha zenyewe, yeye anaziamuru zitue kwa upande gani wa uwanja. Alipokwenda kumpokea mwalimu getini, akaniambia mimi babu yake, "Awowe, upepo ukigeuka bonyeza hapa, ndege zitue zikiuelekea."

Upepo naujua mimi! Nimechunga ngamia miaka mingi, hata yule jike mwenye kiburi... basi, tumwache. Nikatoka uani, nikarusha vumbi. Upepo umegeuka! Nikarudi mbio, nikabonyeza. Ndege moja ikageuza pua, ikaielekea nyingine uso kwa uso. Nikainua mikono, nikawaombea abiria kwa sauti.

Hodan akaingia na mwalimu. "Awowe! Nani kakuambia upepo umegeuka?"

Nikafungua kiganja. Vumbi bado lilikuwamo.

Mwalimu akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Hodan akanipangusa kiganja kwa mtandio wake. "Upepo wa nje hauingii humu, awowe. Na hao abiria hawapo."

"Basi hiyo dua ichukue wewe," nikamwambia.