Blanketi Lililomtoka Katunge

Mwaka 1995 jirani yetu wa Kawangware, Katunge, alikuwa akifua nguo za watu huku akirudia kidato cha nne. Siku moja kabla ya mtihani wa kemia, bado hakuelewa kwa nini atomi nyingine hugawana elektroni na nyingine hunyang'anyana.

Yeye na mwenzake Amondi wakawa wanakamua blanketi, kila mmoja akisokota upande wake. Amondi akavuta, likamtoka Katunge mikononi.

"Wee, hukukula leo?"

"Amondi, wewe ni klorini!"

"Usinitukane."

"Mimi ni sodiamu, na blanketi ni elektroni. Umenizidi nguvu sana, umelichukua lote. Hiyo ndiyo chumvi! Ungenizidi kidogo, tungelishika wote, ila lingeelekea kwako. Tungelingana, tungegawana sawa."

"Basi kesho andika hivyo," Amondi akasema, "lakini jina langu usiweke."