Alama Iko Wapi?

Mume wangu hakunipiga. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo kila mtu alivyoniambia, mpaka nikachoka. Tulikuwa jikoni, nyumbani kwetu Kibomet pale Kitale, akanishika mabega akanitikisa kama mtu anayekung'uta gunia. Kichwa kilienda mbele kikarudi nyuma, sijui mara ngapi. Kisha akaniachia, akaomba chai. Nikampikia.

Asubuhi kichwa kiligonga, nikatapika, na jicho la kulia likajaa ukungu. "Ni malaria hiyo," akasema. Siku ya tatu la kushoto nalo likaanza. Nikafunga nguo zangu, nikaenda kwa wazazi, Chwele.

Kwetu binti akikimbia ndoa, mama haulizi kitu. Shangazi ndio humwingiza chumbani wakamkagua mwili. Wakiona kidonda, mume anaitwa ajibu. Wasipoona, unarudishwa. Shangazi zangu wawili wakanivua blauzi, wakanigeuza huku na huku kama wanunuzi wa ng'ombe.

"Alama iko wapi?"

"Sioni vizuri, shangazi."

"Ati haoni! Si umelia sana, bana. Umesema mwenyewe alikushika tu mabega. Sasa mume asishike bibi yake?"

Ee Mungu, nilitamani angenivunja mkono! Nilitamani kweli, na nikajiona mjinga kutamani hivyo. Wakampigia simu aje anichukue.

Alikuja na sukari na unga, mpole kama siku ya posa. Wakamsifu. Lakini aliponiona napapasa meza nikitafuta kikombe kilichokuwa mbele yangu, aibu ikamshika, akasema atanipeleka kliniki ya macho Bungoma. Akaniongoza kwa kiwiko mpaka ndani, akasimama kando yangu.

Daktari akamulika jicho moja, akamulika la pili. Halafu akasema kuna damu nyuma ya macho yote mawili, na huenda hata kwenye ubongo.

"Mama, ulianguka, ama kuna mtu alikutikisa?"

Vidole vya mume wangu vikabana kiwiko changu. Nilijua nikisema nilianguka, tutarudi Kibomet, na akinitikisa tena nitakuwa kipofu, kama sitakufa.

"Nilitikiswa. Ni huyu amenishika kiwiko," nikasema.

Mkono ukaniachia, nikasikia viatu vyake vikitoka. Nikainuka, nikapapasa ukuta. Sikujua mlango uko upande gani, na hata ningeupata, ningeenda kwa nani?