Plagi Nne za Rangi ya Chai ya Maziwa

Duka lilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu, na nyuma ya kaunta yake alisimama mtu yuleyule kwa miaka thelathini na mmoja. Watu walimwita Daktari. Koti jeupe hakuwa nalo. Alikuwa na la buluu lenye madoa ya grisi, na sharti moja: hakuuza plagi mpya ya injini mpaka ameiona ile kuukuu. "Niletee mgonjwa kwanza," alisema, na aliyekuja mikono mitupu alirudishwa gereji hata awe na haraka ya namna gani.

Mgonjwa akishawekwa kaunta, Daktari alimgeuzageuza, akaitazama ile ncha inayotoa cheche, kisha akatoa hukumu. Ncha nyeusi yenye utelezi: injini inakula oili. Ncha ya rangi ya chai ya maziwa: injini ni nzima, chukua za namba ileile uende zako. Ncha nyeupe, hapo alikunja uso. Injini hiyo inaungua ndani kwa ndani. Usiipakie mzigo mpaka fundi aangalie kabureta, na plagi utakazochukua ni za namba nyingine, zinazopoa upesi. Hakuwa akikosea. Nisitie chumvi: alikosea labda mara mbili, na zote mbili alikiri mbele ya watu.

Sasa hayo macho. Miaka miwili nyuma vitu vilianza kumfifia. Kliniki walimwambia ana mtoto wa jicho kote kuwili, na huyo wangeweza kumtoa, ila nyuma yake presha ya macho ilikwisha kuua mishipa, na iliyokufa hairudi. Alifika nyumbani akamwambia mkewe kwamba amepewa dawa ya matone. Ilikuwa kweli, na hakuongeza neno. Dukani akawa anayajua maboksi kwa mahali yalipokaa rafuni, na urefu wa plagi akaupima kwa kidole gumba, maana kidole hakihitaji miwani. Mficha maradhi kifo humuumbua, msemo huo aliujua kama mimi na wewe tunavyoujua, lakini kuujua msemo si kuutii. Mtu ambaye kazi yake yote ni kuona, akisema haoni, anabaki na nini?

Jumatatu moja akaja dereva wa pikapu, bwana mrefu aliyebeba matofali na kulisha watoto watano kwa gari hilo hilo. Akafungua gazeti, ndani yake plagi nne.

"Daktari, gari linakosa nguvu mlimani. Nitazamie."

Daktari akazisogeza mlangoni penye mwanga, akazigeuza moja moja. "Hawa wazima. Chai ya maziwa, wote wanne. Chukua za namba ileile."

Mpwa wa Daktari, fundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara, akazifunga zile mpya mchana uleule. Alhamisi, katikati ya mlima na mzigo wa matofali mgongoni, pistoni ilitoboka. Vipande vya chuma vilikwangua silinda, na injini ikawa ya kuuzwa kwa kilo. Dereva hakumfikiria Daktari hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja gereji, akamkamata fundi ukosi, akamtangaza kwa kila aliyekuwa na masikio kwamba amefunga ovyo. Kufikia jioni wateja wawili walikuwa wameondoa magari yao, na mwenye gereji akamwambia fundi akae nyumbani kwanza.

Kesho yake fundi alikuja dukani. "Mjomba, mimi nilizifunga zilezile ulizomuuzia. Zile kuukuu zilikuwa na rangi gani?"

"Chai ya maziwa."

"Una hakika?"

"Unaniuliza mimi?"

Fundi akainamisha kichwa. "Nisamehe, mjomba." Akaondoka, na Daktari akaufunga mlango wa duka.

Plagi kuukuu alikuwa na tabia ya kuziweka kwenye kopo chini ya kaunta. Alizitoa zile nne, bado zimo ndani ya gazeti lao, akazipeleka nyumbani. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na mkewe alikuwa kizingitini akichagua mchele kwenye sinia. Akazipanga ukingoni mwa sinia.

"Mama watoto, hizi zina rangi gani kwenye ncha?"

"Nyeupe."

"Nyeupe namna gani?"

"Nyeupe kama chaki. Kwani wewe unazionaje?"

Alitazama mchele. Alitazama ukuta aliopaka chokaa kwa mkono wake mwenyewe. Kila kitu kilikuwa chai ya maziwa. Mkewe akauacha mchele. "Tangu lini, baba watoto?" akauliza, na Daktari akakaa chini palepale akalia, mzee wa miaka sitini na mitatu, akijipangusa kwa mkono wa koti.

Jumamosi dereva alipita dukani, na watu walikuwa wamejaa. Daktari hakungoja salamu.

"Kosa ni langu. Plagi zako zilikuwa nyeupe, nikakwambia nzima. Fundi hana hatia. Mimi sioni."

Dereva akacheka kwa uchungu. "Naelewa, mzee. Damu ni nzito kuliko maji. Lakini usimkingie kifua mpwa wako kwa uongo wa namna hiyo. Wewe ndiye usiyeona?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Miaka miwili alikuwa ameuficha upofu wake kwa ustadi, na sasa ustadi ule ule ukawa unamkana. Akapiga kaunta kwa kiganja.

"Weka kitu hapa. Chochote."

Dereva, kwa kumridhisha tu, akachomoa mfukoni karatasi isiyoandikwa kitu, akaitandaza mbele yake. "Haya. Rangi gani?"

Daktari akainama mpaka pua ikakaribia kuigusa. Alijua kwamba angeweza kubahatisha na kusema nyeupe. "Chai ya maziwa," akasema.

Dereva akaikunja karatasi yake nyeupe polepole. "Basi nimemdhalilisha mtu bure," akasema. "Nitakwenda kwake leo." Injini haikufufuka kwa hayo. Alibaki amesimama, hana gari wala mtu wa kugombana naye.

Nyuma yake alikuwapo mteja aliyekwisha kuweka wagonjwa wake kaunta, akingoja zamu. Alinyoosha mkono akaanza kuwachukua. Daktari hakuuona mkono huo. Alisikia tu plagi zikikwaruza kaunta, moja baada ya nyingine, mpaka ya nne.