Ng'ombe Niliyemsamehe

Mwaka niliookoka, ng'ombe wa jirani alivunja ua akaingia kwenye nepia yangu, nyasi za kulisha ng'ombe wangu nilizopanda kando ya majani chai. Zamani ningemfunga kwangu mpaka mwenyewe aje na wazee. Sasa nilimrudisha polepole, nikamwambia jirani nimemsamehe.

"Ubarikiwe, ndugu," akasema, na ua hakuugusa.

Kila asubuhi ng'ombe akarudi nami nikasamehe, huku wangu mwenyewe akiniangalia kwa njaa. Jumapili moja jirani akasimama kanisani kutoa ushuhuda: Mungu amemwongezea maziwa, na hata nyasi hanunui. Kanisa zima likasema amina, isipokuwa mimi, mpaka mke wangu aliponifinya. Amina yangu ikatoka kama kikohozi.