Sauti Yangu Juu ya Wimbo wa Kyalo

Mimi ndiye niliyeharibu, sina wa kumsingizia. Miaka yote hii najifanya mtu wa busara hapa mjini, kumbe roho inanisuta. Leo wacha niliseme.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha nilikuwa na duka la kaseti Kitui, karibu na soko. Mwanamuziki akienda kurekodi Nairobi, studio ilibaki na tepu kubwa, naye akarudi na kaseti moja safi tuliyoiita masta. Hiyo masta aliniachia mimi kwenye droo, nami nikatoa kopi za kuuza. Ilikuwa ni kuaminiana tu.

Lakini mimi na kuaminiana, wapi! Mteja akinunua kaseti, mimi tayari nishajua anaenda kuinakili. Kwa hiyo kila kopi niliibandika sauti yangu. Wimbo unaendelea vizuri, ghafla unanisikia nikifoka kwa maiki: "Hii ni mali ya duka la Kitui! Wewe mwizi unayenakili, tunakujua!" Wenzangu waliweka maneno yao mwanzoni. Mimi nikajiona mjanja zaidi, nikaweka katikati, pale magitaa yanaposhuka na mwimbaji anabaki peke yake, ili mwizi akose pa kukata.

Mwimbaji wangu mkubwa alikuwa Mutua wa Nuu, rafiki yangu wa siku nyingi. Aliimba na mdogo wake, Kyalo. Mutua alianzisha, na magitaa yakishuka Kyalo aliingia peke yake na ile sauti yake nyembamba. Walirekodi pamoja kaseti moja tu. Kisha Kyalo akaugua, akafariki. Masta yao ikabaki kwangu.

Miaka kadhaa ikapita, ndipo Mutua akaniletea Mueni, msichana wa Kilungu aliyesoma ng'ambo.

"Uncle, kuna duka la muziki liko kwa kompyuta," Mueni akasema. "Ilianza Amerika, ikaenda Ulaya, saa hii iko mpaka Japani. Sasa wanataka nyimbo za huku kwetu, na mimi ndiye nawatafutia. Mtu akiwa huko ananunua wimbo moja tu, anasikiza."

"Kaseti anatumiwa na posta?"

"Hakuna kaseti, uncle. Wimbo inapitia laini ya simu, inaingia kwa kompyuta yake."

Hakuna kaseti! Jamani, muuza kaseti unamwambia hakuna kaseti! Duka gani halina mlango wala kaunta? Nani amewahi kununua kitu kisichoshikika? Na mbona alianza kwa Mutua kabla ya kuja kwangu? Nikajiambia hawa wawili wamekula njama, wanataka kunipita.

"Si uchukue kopi?" nikauliza.

"Kopi zako zote uko ndani unapiga kelele!" Mueni akacheka. "Nataka masta yenyewe. Nitairudisha."

Kile kicheko kilinichoma. Nikaona mwizi kabisa, mwizi aliyesoma.

Mutua akanivuta kando. "Kaka, mpatie tu. Nataka Kyalo asikike. Hata kama ni Wajapani hawajui Kikamba, wacha wamsikie."

Nikawaambia warudi kesho.

Bi Zaituni, jirani yangu wa duka la kanga, mtu wa asili ya Pwani, alinisikia nikinung'unika. "Mbona wamdhania mabaya mtoto wa watu?" akaniambia. "Muulize akueleze." Laiti ningemsikiliza! Nikamwambia auze kanga zake.

Kaseti ya masta huvunjwa vijino vyake vya juu ili isirekodiwe tena. Mchana huo nilifunga mlango, nikaziba vitundu vilivyobaki kwa selotepu ili mashine ikubali kurekodi, nikachukua kopi yenye kelele zangu na kuirekodi yote juu ya masta. Kisha nikabandua selotepu. Mwandiko wa Mutua ukabaki palepale kwenye lebo. Nilicheka peke yangu! Wakaibe sasa, nikasema, wakawauzie Wajapani matusi yangu. Nilijua iliyo safi ipo Nairobi kwenye tepu kubwa. Nasema nilijua, na hata sikuwa nimeuliza.

Kesho yake nikampa Mueni, nikamtakia na safari njema. Mnafiki mimi!

Baada ya muda walirudi wote wawili. Mueni hakunisalimu. Aliweka kaseti kwenye mashine yangu mwenyewe. Mutua akaimba, magitaa yakashuka, Kyalo akaingia, na mimi huyo: "Wewe mwizi!"

Mutua alicheka, akidhani Mueni amechanganya kaseti. Akaitoa, akaona mwandiko wake. Akaigeuza huku na huku.

"Wale watu wa kampuni waliisikiza nikiwa hapo," Mueni akasema. "Wakaniuliza huyu anagombana na nani. Niliona aibu, uncle. Wamesema hiyo hawawezi kuuza."

Nilibaki nikiitazama ile kaseti. Alikuwa ameirudisha, kama alivyoahidi. Mwizi gani hurudisha?

"Iko nyingine safi!" nikaropoka. "Iko studio!"

Nikafuatana na Mutua hadi Nairobi. Pale palipokuwa na studio walikuwa wakiuza magodoro. Tulimtafuta fundi wao wa zamani, akatuambia tepu zilikuwa shida kupata, kwa hiyo walirekodi nyimbo mpya juu ya zile za kitambo. Ya Mutua ilifutwa zamani.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga! Tulipofika Kitui ndipo aliponiambia, "Mimi naweza imba tena. Kyalo ataimbaje?"

Hajaingia dukani kwangu tangu siku hiyo.

Lakini mama yao aliingia. Alikuja sokoni kutoka Nuu, akaketi kwenye benchi langu. Mutua alikuwa hajamwambia chochote.

"Tangu tuzike Kyalo sijaweza kusikiza nyimbo yake," akasema. "Leo naweza. Niwekee."

Ningemwambia nini? Nikaweka. Magitaa yaliposhuka akasogeza sikio kwenye spika, macho ameyafumba, anatabasamu. Kyalo akaingia, nami nikamfokea palepale.

Mama akafumbua macho. "Huyu anapiga kelele ni nani?"

Nikajifanya natafuta kitu kwenye droo.

"Mwambie anyamaze kidogo," akasema, "nisikie mtoto wangu."

Nilirudisha nyuma, nikaweka tena, kana kwamba safari hii ningenyamaza. Akasikiliza kelele zangu mpaka wimbo ukaisha, akanishukuru, akaenda zake.

Enyi mnaoshuku kila mtu, shukuni, sitawazuia, hata mimi bado nashuku. Lakini ulizeni kwanza! Na chochote ulichoachiwa na mtu akikuamini, usikiguse ukiwa na hasira, maana kingine hakirudi hata ulie vipi. Yule mama yuko hai, na mimi bado sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba mwenye kelele ni mimi.