Nimehesabia mutu mwenye hayuko

Leo nimesema "moja, mbili, tatu" kwa sauti, na upande ya pili hakukuwa mutu.

Nilikuwa narudisha ruta ya bureau, ya ofisi yetu, mu kabati yake. Ile nzito, yenye inaunganisha seva na madisiki.

Kamba zote mbili za courant, za umeme, nilikuwa nimezichomoa. Ukisahau moja, itakupiga.

Kwa ubavu yake kuna picha ya watu wawili wanainua pamoja. Mbele ya leo sijawahi kuiangalia. Siku zote upande ya pili ni Espérance, mwenzangu wa kazi. Volkano ilipopasuka, tulikimbiza hii ruta sisi wawili mu gari hadi muji wa Sake.

Waasi walipoingia, alivuka mupaka na watoto. Hajarudi.

Basi leo nikahesabu, nikainua peke yangu. Ikalala upande, nikaishusha mbio.

Muzee sentinelle, mulinzi wetu, akachungulia mulangoni.

"Mama, unahesabia nani?"

Nikashika tena upande yangu. (Ungejibu nini, wewe?)

Akaweka tochi chini, akashika upande ya pili.

"Hesabu basi."

Imeingia. Nimefunga waya ya terre, yenye inapeleka umeme mu udongo, nimerudisha courant, taa zote kijani.

Espé, ukisoma hii: muzee ana nguvu. Lakini aliinua niliposema "mbili".

Sisi tulikuwa tunangoja tatu.